Riwaya Isiyo na Tukio

Rafiki yangu amenirudishia Pride and Prejudice ya Jane Austen, tiketi ya basi ikiwa bado imebanwa ukurasa wa arobaini, na hukumu mkononi: "Humu hakuna kinachotokea. Chai na dansi tu." Namuunga mkono kwa mikono miwili. Tangu 1813 watu wanahangaishwa na kitabu kisicho na hata maiti mmoja!

Mabinti watano wa Bennet wanasubiri baba afe ili wapoteze nyumba, maana urithi ni wa binamu wa kiume. Makaratasi tu hayo. Mama anamtuma binti yake Jane kwa farasi, gari libaki nyumbani, kwa kuwa mvua inanukia: alowe, alale huko huko kwa kijana mwenye mali. Analowa, anaugua, mama anachekelea. Mafua nayo ni tukio? Bwana Darcy anaingia ukumbini, na kabla hajamsalimu mtu, pauni zake 10,000 kwa mwaka zimeshazunguka chumba kizima. Ni adabu tu, kama kuuliza bei kabla ya kubonyeza embe. Binamu mwenyewe, Kasisi Collins, anaposa kwa kutaja sababu moja baada ya nyingine, anakataliwa, na wiki haijaisha ameshamposa shoga wa aliyemkataa. Ukikosa basi la saa mbili, si unapanda linalofuata?

Rafiki yangu hakukaa. Jioni kwao kuna kikao cha kumjadili mchumba wa mdogo wake, na shangazi ameshapiga simu mara tatu kuuliza kama kiwanja cha kijana kina hati. Huko, anasema, ndiko kwenye mambo.