Treni ya Usiku Kwenda Ilebo

Kesi yangu ilisikilizwa Jumapili baada ya misa, sebuleni kwangu mwenyewe, hapa Katuba, Lubumbashi. Mwenyekiti alikuwa baba mdogo, aliyestaafu katika karakana za reli. Mlalamikaji alikuwa mke wangu. Shahidi mkuu alikuwa mama mkwe, aliyeketi mkekani akiwa amenipa mgongo, kama desturi yetu Waluba inavyotaka. Kielelezo kililazwa juu ya sahani: kichwa cha treni cha rangi ya kijani, kirefu kidogo tu kuliko kiganja, kinanuka makayabu, samaki wa chumvi.

Mambo yalianza na boksi. Shemeji anayeishi Liège, huko Ulaya, alipita Jumapili moja katika soko la La Batte, lile la kando ya mto Meuse, akamkuta mzee anauza treni ndogo zilizokwisha tumika. Akakumbuka kwamba dada yake ameolewa katika ukoo wa watu wa reli. Boksi lilipofika Lubumbashi nilitoa vichwa viwili vya treni, chekundu na cha kijani, mabehewa matatu, transfoma, na vipande vya reli vya kutosha mita sita. Mke wangu alichungulia mpaka chini kabisa.

"Na biatu ya batoto, iko wapi?"

Usiku ule ule niliunga reli sakafuni, nikaweka kile kichwa chekundu kwa kuwa ndicho kizuri, nikazungusha kigurudumu cha mwendo. Tap! Taa ya transfoma ikazimika. Nikarudia. Tap! Mara ya tatu ilikuja na harufu ya plastiki inayoungua, na mtoto wetu wa mwisho akautangazia mtaa mzima: "Papa ameua treni!"

Kesho yake baba mdogo alikuja na kipima umeme chake cha kazini. Alikigeuza kile chekundu tumbo juu kama daktari anayepima mtoto, akagusa gurudumu la kushoto na la kulia, kipima kikalia. Kumbe treni hizi zina madhehebu. Chekundu kilikuwa cha Märklin, kampuni kongwe ya Ujerumani, inayoupitisha umeme kwenye vinundu vidogo vilivyopangwa katikati ya njia, na reli mbili za pembeni zote ni upande mmoja. Kwa hiyo magurudumu yake yameunganishwa chuma kwa chuma, na hayana kosa. Reli zangu zilikuwa za dhehebu lile jingine, la volti 12, ambapo reli moja ni chanya na ya pili ni hasi, na magurudumu ya pande mbili lazima yatenganishwe yasipitishiane umeme. Kuweka kichwa cha Märklin juu ya reli kama hizo ni sawa na kulaza kijiko cha chuma juu yake. Mwenye kosa nilikuwa mimi, niliyeunganisha kabla ya kutazama. Chekundu kikapanda juu ya kabati, kikawa pambo. Cha kijani kilipowekwa, kilitembea.

Baba mdogo hakucheka. Alitoa rula, akapima kati ya reli na reli. "Milimita 16 na nusu," akasema. "Hii si yetu." Vitu hivi vimepunguzwa mara 87, na milimita 16 na nusu mara 87 ni milimita 1,435, upana wa reli za Ulaya. Reli yetu ya Katanga ina milimita 1,067, sawa na ya Zambia na ya Afrika Kusini; ukiipunguza vivyo hivyo unapata milimita 12 na ushee. Nikamwuliza kama hiyo ina ubaya wowote. "Kwa mutoto, hapana. Kwangu mimi, hii ni treni ya bageni."

Maneno hayo yalinichoma. Nikaapa kwamba kama upana ni wa wageni, basi njia itakuwa ya kwetu. Nitajenga Sakania mpaka Ilebo.

Kila mtoto wa reli anaijua hadithi hiyo. Reli ilitujia kutoka kusini: ilifika Sakania mwaka 1909, ikaingia Lubumbashi, wakati huo Elisabethville, Septemba 1910. Mwaka 1918 ilifika Bukama, na mwaka 1928 ikagusa maji ya mto Kasai pale Ilebo, enzi hizo Port-Francqui, ambapo msafiri wa Kinshasa alishuka na mizigo yake akapanda meli. Kutoka hapa mjini mpaka Ilebo ni zaidi ya kilomita 1,500. Nilipiga hesabu kwenye daftari la mtoto: ukiipunguza mara 87, zinabaki kilomita 17. Ningetandika reli kutoka Katuba nikashika barabara ya Kipushi na kupita nusu ya safari. Mimi nilikuwa na mita sita.

Kwa hiyo nilikata. Sakania niliiweka kwenye ncha ya meza ya chakula, upande wa jikoni. Lubumbashi ikaangukia katikati ya meza, pale pale panapokaa sufuria ya bukari, yaani ugali. Kona moja tu ya nusu duara ilikula karibu sentimita 80 za upana, meza yote. Kutoka hapo njia ilipanda ubao wa pasi mpaka juu ya kabati la vyombo, ambalo ndilo stesheni ya Kamina, kisha ikashuka kwa ubao mwingine mpaka juu ya kreti za bia ya Simba, ambapo ndipo Ilebo. Chini ya Ilebo, juu ya kigoda, niliweka beseni la maji. Hiyo ndiyo Kasai. Mwisho wa reli palitakiwa kizuizi cha kuishika treni isipitilize. Nikasema nitakiweka kesho.

Waliojenga mwaka 1910 hawakumwuliza mwenye ardhi. Nami sikumwuliza mwenye meza. Familia ilikula wiki mbili sahani zikiwa mapajani.

Ujenzi ulinifundisha kwamba kichwa cha treni ndicho kitu kidogo kuliko vyote katika reli. Kwanza mteremko. Cha kijani kilipofika kwenye ubao wa pasi na mabehewa matatu niliyoyapakia vipande vya malakiti, mawe yetu ya kijani yenye shaba, kilikwama hapo, magurudumu yanazunguka kama gari lililonasa matopeni. Treni ndogo hutaka mwinuko usizidi sentimita 3 kwa kila mita. Mimi nilikuwa nimeipa 15. Nikaongeza kreti chini ya meza mpaka meza ikawa usawa wa videvu vya watoto.

Pili vumbi. Ilikuwa Julai, kiangazi kimekaza, lile vumbi jekundu limeingia mpaka kwenye sukari. Treni hizi hupata umeme kwa gurudumu kugusa reli, kwa hiyo punje ya vumbi tu inatosha kuizima. Tiba yake ni kitambaa na pombe kali ya hospitali. Sikuwa nayo. Nilichokuwa nacho ni nusu chupa ya lutuku, pombe yetu kali ya kienyeji, iliyobaki kwenye msiba. Mke wangu aliingia saa moja asubuhi akanikuta nimepiga magoti, chupa mkononi, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Weye, uko nakunywa lutuku na asubui?"

"Hapana, mama. Iko ya reli."

Alitoka bila kujibu. Ukimya ule ulikuwa mrefu kuliko njia yangu yote.

Ijumaa ya wiki hiyo mama mkwe alifika kutoka Mwene-Ditu kututembelea. Chumba cha watoto kina makelele, kwa hiyo alichagua mwenyewe kulala sebuleni, godoro lake likatandikwa kati ya meza na kabati, chini kabisa ya mlima wa Kamina. Jumamosi saa moja usiku nilikuwa naendesha treni ya jaribio, kasi ya kinyonga, ikapanda ubao wa pasi, ikafika juu ya kabati, na umeme ukakatika. Tukala kwa mshumaa, tukalala. Kigurudumu cha mwendo nikakiacha palepale kilipokuwa.

Na kuna jambo jingine ambalo sikulijua. Mke wangu alikuwa amenunua makayabu kwa ajili ya wageni wa Jumapili, na makayabu lazima yalale majini yatoe chumvi. Aliona beseni safi lenye maji juu ya kigoda. Akayatia humo.

Saa nane usiku umeme ulirudi. Nilijua kwa kelele za furaha za mtaa, mbwa, na redio ya jirani. Halafu nikasikia sebuleni: nnnnnng. Taa ya sebule ilikuwa imezimwa, kwa hiyo mama mkwe alipofumbua macho hakuona meza wala kabati wala mkwe mwenye akili zake. Aliona jicho moja la njano likitambaa hewani juu ya kichwa chake.

Kelele aliyopiga iliamsha mpaka waliokuwa hawana umeme.

Sasa nielewe, msomaji. Mkwe wa Kiluba haingii mahali alipolala mama wa mke wake. Hata nyumba ikiungua atapitia dirishani. Nilisimama nyuma ya mlango nikiwa na bukta, nikitoa amri kama mkuu wa stesheni: "Mama, zungusha! Kigurudumu, zungusha!" Mke wangu aliingia mbio na mwanga wa simu, akakipata, akazungusha. Lakini sikuwa nimesema upande gani.

Treni ilishuka kutoka Kamina kwa kasi ambayo njia ile haijapata kuiona tangu ijengwe. Ilifika Ilebo kwa wakati, haikusimama, ikaingia Kasai yenyewe, mabehewa matatu na mzigo wote wa malakiti, katikati ya makayabu.

Basi ndiyo kesi. Samaki hakulika tena, maana jiwe lenye shaba si kiungo cha mchuzi, na wageni walikula sombe kavu, yaani kisamvu kitupu. Kichwa cha kijani kilikunywa maji ya chumvi, na chumvi huila shaba ya mota bila huruma. Baba mdogo alisikiliza pande zote, kisha akatoa hukumu. Mshitakiwa alipe makayabu, kilo kwa kilo. Meza irudi kwa chakula leo hii. Reli ipande ukutani, juu ya ubao mmoja ulionyooka, usawa wa macho. Kizuizi kiwekwe mwisho wa njia kabla ya treni yoyote kutembea. Umeme ukikatika, plagi ing'olewe.

"Nani ana neno?" akauliza.

Mama mkwe aliinua mkono, mgongo ukiwa bado kwangu. Tulijua atasema nini: bulozi, yaani uchawi, mwanga wa usiku, binti yake arudi nyumbani. Badala yake alisema kwamba alipokuwa msichana alipanda treni ya kweli akiwa na magunia mawili ya mahindi na mbuzi mmoja, na hakuogopa. Jana usiku, baada ya moyo kutulia, alihesabu zile karatasi za majina ya stesheni nilizobandika njiani. Sakania ipo. Lubumbashi ipo. Kamina ipo. Halafu Ilebo.

"Juu ya nini treni yako inapitaka kwetu bila kusimama?"

Sikuwa na jibu. Baada ya Kamina nilibaki na ubao mmoja tu, nikaifuta Mwene-Ditu kama vile hapakai watu.

Baba mdogo alikisuuza kichwa cha kijani kwa maji safi, kisha kwa pombe ya hospitali, akakianika juani siku mbili na kusafisha brashi za mota. Kinatembea, ila kikipata moto kinarudisha harufu ya makayabu. Ubao wa ukutani una mita tatu. Wewe unayetaka kuanza, anza na mita moja, jua dhehebu la reli zako kabla ya kuweka kichwa juu yake, funga kizuizi kwanza, na mwenye meza umwulize kabla ya mtu wa kupima njia.

Stesheni ya Mwene-Ditu ni kopo la dagaa lililopakwa chokaa. Treni husimama hapo dakika moja, iwe na abiria au isiwe nao.