Kataa Mara Moja Tu: Mwongozo wa Kiingereza kwa Wakazi wa Juba

Kama umekusudia kujifunza Kiingereza ukiwa Juba, jambo la kwanza ni kuacha kukataa mara mbili. Andika "Nobody came." Usiandike "Nobody didn't come," hata kama ulimi unakuwasha uweke hilo "didn't." Ukiliweka, umesema kwamba hakuna ambaye hakuja, yaani watu walifurika hadi nje ya ukumbi, ilhali ulikuwa unamweleza mkuu wako kwamba viti vilibaki vitupu.

Naanza na kosa hili kwa sababu lina heshima yake. Linatoka kwa mtu anayefikiri sawasawa kwa lugha yake. Katika Kiswahili, kukanusha ni kazi ya kitenzi. Hakuja mtu. Sikumwona mtu. Hatutaki kitu. Mtu anabaki mtu na kitu kinabaki kitu. Kinachobadilika sura ni kitenzi peke yake. Kiarabu cha Juba nacho kinatanguliza "ma" mbele ya kitenzi: "ana ma arufu," mimi sijui. Basi anayetoka katika lugha hizi anafika kwenye Kiingereza, anakanusha kitenzi kwa mazoea, kisha anakumbuka kwamba alifundishwa "nobody," naye hataki kulipoteza neno aliloligharimia karo. Anayaweka yote mawili.

Kiingereza sanifu kina milango miwili ya kukataa, na sentensi moja inapita mlango mmoja. Kanusha kitenzi: "I didn't see anybody." Au kanusha mtu: "I saw nobody." Zote mbili ni sikumwona mtu. Angalia lakini mtu huyo amekaa wapi. Akiwa ndiye anayeanzisha sentensi, mpe "nobody": "Nobody came." Akiwa nyuma ya "didn't," mpe "anybody." Usimtangulize kwa kusema "Anybody didn't come," maana neno hilo linataka ukanushi uwe umeshapita mbele yake.

Ukimaliza kuandika, rudia sentensi yako kwa kidole. Kila penye "not" (pamoja na "n't" ya "didn't"), "never," "nobody," "nothing," "no one," gusa. Kidole kikigusa mara mbili kwenye sentensi moja fupi, futa mguso mmoja. Tuseme umepewa kazi ya kuandika tangazo la getini, ukaandika kwa rangi nyekundu: "Nobody is not allowed to enter." Umewakaribisha watu wote wa mji. Mlinzi atakayewazuia atakuwa anapingana na maandishi yako, na atakayewaruhusu atakuwa ametii. Andika "Nobody is allowed to enter," na mlinzi atajua kazi yake.

Utawasikia waimbaji wengi wa Marekani na Uingereza wakikataa mara mbili, hata mara tatu, na wala hawajakosea lugha yao. Ni lahaja zao, zina kanuni zake, na ni za miaka mingi. Usiwacheke. Lakini barua ya kuomba kazi, ripoti na mtihani vinasomwa kwa Kiingereza sanifu, na hicho ndicho unachokitafuta hapa.

Kabla sijaendelea, niseme kwa nini jambo hili linanigusa. Mtu mzima wa Juba anayekosea "nobody" hapaswi kuitwa mvivu. Hapo Rejaf, kusini kidogo mwa Juba kando ya Nile, mkutano wa lugha wa mwaka 1928 uliamua kwamba watoto wa kusini mwa Sudan waanze shule kwa lugha chache zilizochaguliwa, zikiwemo Kibari, Kidinka, Kinuer na Kizande, na Kiingereza kije baadaye. Baada ya uhuru wa Sudan mwaka 1956, serikali ya Khartoum ikasukuma Kiarabu madarasani. Mkataba wa amani wa Addis Ababa wa 1972 ukakirudishia Kiingereza nafasi yake kusini. Vita vikaanza upya mwaka 1983, na mwaka 1989 hata Chuo Kikuu cha Juba kikahamishiwa Khartoum. Kisha ikaja tarehe 9 Julai 2011, siku ya uhuru wa Sudan Kusini, na katiba ya mpito ikakifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi ya kazi ya nchi, huku lugha zote za wenyeji, ambazo ni zaidi ya 60, zikitambuliwa kuwa lugha za taifa.

Kwa hiyo darasa la jioni pale Juba linaweza kumkalisha mama aliyesomea Khartoum kwa Kiarabu karibu na kijana aliyekulia kambi ya Kakuma, Kenya, mwenye Kiswahili na Kiingereza cha shule, na nyuma yao mwingine aliyesoma kaskazini mwa Uganda. Wote watatu wanaombwa fomu ileile, ijazwe kwa Kiingereza. Anayekifundisha Kiingereza kwa dharau mahali kama hapo hajui anawafundisha nani.

Sasa "everyone." Hapa mwenye Kiswahili amebahatika, ila hajaambiwa. Unasema "kila mtu anakuja", husemi "kila mtu wanakuja." Kiingereza ni vivyo hivyo: "Everyone is coming." Ukijikuta unaandika "Everyone are coming," umemtafsiri mtu mwingine, yule wa "watu wote." Mwenye Kiarabu cha Juba anavutwa zaidi, kwa sababu "kulu nas" anayoitumia kila siku ni umati. Dawa ni moja kwa wote wawili: kabla ya kuandika kitenzi, sema kimoyomoyo "kila mtu," kisha kitenzi kifuate umoja. Everybody knows. Everything costs. Someone has called. Nobody wants.

Ukitaka kujua uzito wa maneno haya mawili, "everyone" na "no one," tafuta Azimio la Kimataifa la Haki za Binadamu lililopitishwa na Umoja wa Mataifa tarehe 10 Desemba 1948. Lina ibara 30, na ibara nyingi kati ya hizo kwa Kiingereza zinafunguka kwa neno "everyone" au kwa "no one." Katiba ya mpito ya Sudan Kusini, kwenye sura yake ya haki, inaegemea "every person." Maneno hayo yenyewe hayataji kabila, jinsia wala cheo, na kwa kutotaja yanamfungia kila mmoja ndani ya ulinzi. Mwanafunzi anayejua kwamba "everyone" inahesabiwa kwa umoja anasoma haki hiyo kama ya kwake yeye mmoja mmoja, aliyesimama dirishani pa ofisi na karatasi mkononi. Na anayejua kwamba "no one" imeshakataa peke yake hataongeza "not" kwenye kifungu cha kukataza utesaji. Akiongeza, ameruhusu kilichokatazwa. Kwa hiyo mtu asikuambie kwamba sarufi ni mambo ya shule tu.

Tutoke kwenye sheria twende kwenye chai. Chini ya mwarobaini, mama wa chai ana jiko lake la mkaa, birika, vikombe vidogo na tangawizi. Tuseme amekupa kiti naye anajaribu Kiingereza chake kwako. Akuulize "Do you want anything?" au "Would you like something to drink?" Zote mbili ni sahihi kisarufi, lakini zina adabu tofauti. "Anything" iko tayari kusikia hapana. "Something" imeshaweka kikombe mezani na inangoja ndiyo. Kwetu mgeni haulizwi kama atakunywa. Anaulizwa atakunywa nini. Kwa hiyo unapomkaribisha mtu, tumia "something" na "some": "Would you like some tea?" Unapouliza jambo usilojua jibu lake, tumia "any": "Is there any sugar?" Ukiuliza hivyo sokoni Konyo Konyo, usishangae ukijibiwa "mafi," yaani hakuna, neno moja linalomaliza sukari, muuzaji na mazungumzo.

Sentensi isiyo swali wala ukanushi inaigeuza "any" kuwa yoyote, na hapo panataka tahadhari. "Give the letter to someone in the office" ni mpe mtu fulani, yuko, utamtambua. "Give the letter to anyone in the office" ni mpe yeyote, hata anayepita kumsalimia binamu yake. Kama barua ina fedha ndani, tofauti hiyo utailipia.

Lakini "any" ninayotaka uitoe leo hii iko kwenye barua ya kuomba kazi. Ni ile inayosema "I can do any work" au "I can do anything." Najua inatoka wapi. Inatoka kwa mtu anayehitaji mshahara, na kwa Kiswahili "nafanya kazi yoyote" ni tamko la unyenyekevu na utayari. Msomaji wa barua katika shirika la misaada, mwenye rundo la barua mezani, anaisoma vingine: huyu hajasema anajua nini. Ifute. Mahali pake weka vitu vyenye majina. Unaendesha gari kubwa barabara ya Nimule? Andika. Unazungumza Kibari, Kiarabu cha Juba, Kiswahili na Kiingereza? Hizo ni lugha nne, na huko Ulaya kuna watu wazima waliosoma hadi chuo kikuu ambao wana moja. Mwongozo huu wa maneno yasiyomtaja mtu wala kitu kwa jina unafika mahali unakuambia taja.

Kuna jozi nyingine ndogo inayofanya uharibifu mkubwa kwenye ripoti: "few" na "a few." Herufi moja inazitenganisha. "A few have received food" ni kwamba wapo kadhaa waliopata chakula, kazi imeanza. "Few have received food" ni kwamba waliopata ni wachache mno, tunalalamika. Ofisa wa uwandani amerudi jioni, amechoka, anaandika kwa simu huku mtandao unakatika, anasahau hiyo "a." Idadi ya watu ni ileile, lakini anayesoma Geneva au Nairobi anaona janga badala ya mwanzo mzuri. Au kinyume chake, ambacho ni kibaya zaidi: "a" imeingia pasipo pake, na wenye njaa wamesomeka kama wanaohudumiwa. Ukiandika kuhusu watu, isome hiyo sentensi mara ya pili kabla ya kutuma, na kama una hesabu, andika hesabu. Na kwa vitu kama maji, "maji machache" hatusemi kwa Kiswahili. Tunasema maji kidogo, na Kiingereza nacho kina "little" na "a little" kwa vitu visivyohesabika, kwa mtego uleule.

Mambo mengine yanapita haraka. Sifa inakuja baada ya neno, "something important," kama sisi tusemavyo kitu muhimu. Ukishika mpangilio wa Kiswahili hapo hutakosea. "No one" ni maneno mawili, "nobody" ni moja. "Each of the drivers has a licence" inataka "has," hata kama "drivers" wamesimama karibu na kitenzi wakikushawishi. Baada ya "none of the drivers" waandishi wazuri hutumia "is" na wengine wazuri vilevile hutumia "are," kwa hiyo hapo usigombane na mtu.

Limebaki swali ambalo kila darasa huuliza, na ni swali zuri: "Mwalimu, kama everyone ni mmoja, mbona vitabu vinasema 'Everyone brought their book'? Hiyo 'their' si ya wengi?" Ni ya wengi, na pia ni ya mmoja asiyejulikana kuwa mwanamume au mwanamke. Kiingereza kimeitumia hivyo tangu karne ya 14. Kiswahili hakina shida hii, kwa kuwa "kitabu chake" hakiulizi jinsia, na Kiarabu cha Juba nacho kina "uwo" kwa mwanamume na mwanamke sawia. Kiingereza kilijichagulia "he" na "she," kikajikuta kimebanwa, kikaazima "they." Wapo walimu wanaoitia wino mwekundu na kudai "his or her." Kwenye mtihani wa mwalimu wa namna hiyo, mpe anachotaka. Usimpe "his" peke yake wakati nusu ya darasa ni wasichana. Huko ni kuwafuta watu waliokaa mbele yako. Kwingineko andika "their" bila hofu.

Zoezi la wiki ni hili. Fungua Redio Miraya, masafa ya 101 FM, wakati wa habari za Kiingereza. Chukua daftari na kalamu. Kila unaposikia "someone," "anyone," "no one," "everything," "few," "none," andika neno hilo pamoja na kitenzi kilicholifuata, hata kama sentensi nyingine yote imekupita. Habari zikiisha, kaa na mwenzako, ikiwezekana mmoja mwenye Kiswahili na mwingine mwenye Kiarabu cha Juba, mzitafsiri jozi hizo kila mtu kwa lugha yake. Mkifika kwenye "no one," mwambieni mwenzenu aonyeshe ukanushi umehamia wapi. Akionyesha kitenzi, rudini mwanzo wa mwongozo huu. Akionyesha mtu, endeleeni na "few."