Biskuti Huharibiwa na Watu Wema

Kila Oktoba, majani yanapoanza kupukutika katika majimbo ya Vermont na Maine, Marekani, oveni zilizosahaulika majira yote ya joto huwashwa tena kwa shauku kubwa. Sababu inayotajwa ni matufaha mapya, mdalasini na karafuu (ambayo pengine imesafiri kutoka Pemba bila kutajwa hata kwenye kichupa chake). Sababu ya kweli ni kwamba karibu na oveni ya nyuzi 175 mtu anaweza kukaa bila koti. Humo huokwa biskuti za oti na matunda, zile zinazotakiwa kuwa laini katikati na kulivuta jino kidogo kabla ya kukatika. Na humo hutoka, mwaka baada ya mwaka, trei nzima ya vitu ambavyo fundi wa kujenga ukuta angevipokea kwa shukrani. Lawama hutupiwa oveni, unga, hata hali ya hewa. Mimi nazitupa kwingine. Mvivu hana nguvu za kuziharibu biskuti hizi. Wanaoziharibu ni watu wema, na huziharibu kwa wema wao.

Mtazame mpishi mwenye bidii. Maelekezo yanamtaka azitoe baada ya dakika 10 hadi 12. Anachungulia, anaona kingo zimeshika rangi lakini katikati kungali kunang'aa na kutepeta. Malezi yake yote yanamkataza kumwekea mgeni kitu kibichi, basi anaongeza dakika tano za uadilifu. Kumbe biskuti haimalizii kuiva ndani ya oveni. Ikishatolewa, trei ya moto huendelea kuipika, kisha siagi na sukari zilizoyeyuka huganda kadiri zinavyopoa, na ule utepetevu unakuwa ndio ulaini uliotafutwa. Anayengoja biskuti ikaze humo humo ndani atakuta imekaza mara mbili. Mvivu aliyezitoa mapema ili awahi kipindi cha pili cha mpira amepata biskuti kamili, na hajui zimekujaje.

Wa hatari zaidi ni mwenye kujali afya. Yeye huisoma sukari ya kahawia kama kosa la uchapishaji, akaipunguza nusu. Lakini sukari hiyo haikuwekwa kwa ajili ya utamu tu: ina molasi, na kazi yake ni kuvuta unyevu na kuushikilia, na pia kuifanya biskuti itandae. Ikiondolewa, kinachobaki ni kidonge kikavu kilichosimama vile vile kilivyoingia. Hapo atajitetea kwamba oti ni chakula cha moyo, na hasemi uongo. Mwaka 1997 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu pakiti za oti zitaje faida kwa moyo, kutokana na nyuzinyuzi zake zinazoyeyuka. Ila ruhusa hiyo ilizungumzia mlo wenye mafuta kidogo yanayoganda. Robo kilo ya siagi haikualikwa. Anayetaka afya apike uji. Waskoti wameunywa uji wa oti karne na karne, na hakuna aliyewahi kuulaumu kwa kutovuta jino.

Mkarimu naye ana lake. Zabibu kavu zina kiu: zisiporowekwa kidogo kwenye maji ya moto na kuchujwa, hunywa unyevu wa mchanganyiko. Tufaha bichi hufanya kinyume, maana zaidi ya asilimia 80 ya uzito wake ni maji. Mkarimu hutia konzi mbili za kila kimoja, akiamini kwamba matunda hayajawahi kumdhuru mtu, na hupata biskuti yenye jangwa upande huu na kinamasi upande ule. Ukimshauri auache mchanganyiko friji saa moja, ili oti zifyonze maji taratibu na siagi igande isitiririke, anakutazama kama umemwambia akalale mchana.

Yupo atakayeuliza: ugumu una ubaya gani? Pwani biskuti huchovywa kwenye chai, na ikilegea haraka huzama. Hoja ina uzito, ila inahusu biskuti iliyokusudiwa kuwa ngumu: nyembamba, ya sukari nyeupe, inayovunjika kwa mlio. Ya oti iliyokauka kwa bahati mbaya haivunjiki. Chai humalizika, yenyewe ingalipo. Dawa yake ni kuifungia kwenye kopo na kipande cha mkate usiku kucha. Biskuti huvuta unyevu, mkate hukauka. Asubuhi wageni watatafuna biskuti, na mtu mwema, kwa kuwa hatupi chakula, atautafuna ule mkate.