Mwongozo wa Mgeni Anayetafuta Mpaka wa Dini na Dola Kenya

Anzia Kifungu cha 8 cha Katiba ya 2010. Kinasema, kwa sentensi moja, kwamba nchi haina dini ya taifa. Kisome, ukifurahie, halafu usirudi nyuma kwenye utangulizi. Huko utawakuta wananchi wakikiri ukuu wa Mwenyezi Mungu, na hawamalizi bila kumwomba aibariki Kenya. Wimbo wa taifa nao unamwita Yeye kwanza.

Usimtafute kadhi msikitini. Yumo kwenye Kifungu cha 170, chini ya Mahakama, pamoja na mahakimu. Anasikiliza mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, tena pande zote ziwe Waislamu na zikubali kwenda kwake. Ukiuliza aliingiaje humo, vuta kiti, maana wenyeji wa Mombasa wataanzia 1895. Mwaka huo Sultani wa Zanzibar aliwakabidhi Waingereza usimamizi wa ukanda wa pwani wa maili kumi, lakini mwambao ukabaki milki yake. Oktoba 1963 Kenyatta na Waziri Mkuu Shamte wa Zanzibar wakaafikiana: ukanda uende Kenya, kadhi asiguswe. Kwa maneno mengine, pwani iliolewa, na kadhi alikuja pamoja na vyombo vya bi harusi.

Onyo: utani huo usiupeleke kanisani. Viongozi wa makanisa walikwenda kortini 2004 kumpinga kadhi, na Mei 2010 Mahakama Kuu ikakubaliana nao kwamba kuwekwa kwake katika katiba ya zamani ni ubaguzi. Ushindi mtamu, ila katiba yenyewe ilibakiza miezi mitatu tu. Kwenye kura ya maoni ya Agosti 4 kuhusu katiba mpya, ambamo kadhi alibaki, walihubiri La, na takriban asilimia 67 ya wapiga kura wakasema Ndiyo. Walichokitaka ni dini isiingie kwenye katiba. Mgeni mwerevu hatawauliza basi nani aliyepigania Kifungu cha 26 kitamke kwamba uhai huanza mimba inapotungwa.

Ukishindwa kabisa kuuona mpaka, subiri Jumapili. Keti nyuma, mheshimiwa akisimama kusalimia waumini usimtazame yeye, tazama bahasha. Mara nyingi inakwenda mbele kwa vigelegele. Novemba 2024 Askofu Mkuu Mkatoliki wa Nairobi aliagiza mchango wa Rais Ruto urudishwe, kwaya ikiwa imeshapewa sehemu yake.