Mgeni Asiye na Kadi

Karibu kila ukumbi wa harusi mjini una mgeni mmoja ambaye hakuchanga hata shilingi, hana kadi ya mtu mmoja wala ya wawili, na bado hufika kabla ya bwana harusi. Jina lake ni mvumo. DJ akishachomeka waya kutoka kwenye laptopu yake hadi kwenye miksa, spika huanza kunguruma zenyewe, na ngurumo hiyo haitoki ukumbini mpaka keki iliwe. Lawama hugawanywa upesi kuliko chakula: MC humlaumu DJ, DJ humlaumu mwenye ukumbi, mwenye ukumbi huulaumu umeme, na kamati humtafuta aliyempendekeza DJ. Laptopu, ambako sauti yote inatoka, haiulizwi swali hata moja. Mimi nasema iulizwe ya kwanza, na wakati mwingine dawa itakuwa kadi: kadi ya sauti ya nje, kidude cha ukubwa wa kidole gumba kinachochomekwa kwenye tundu la USB. Kidude hiki kina wapenzi wanaokisifu kupita kiasi na wabishi wanaokidharau, na wote wanakosea jambo lilelile. Wanadhani kazi yake ni kuipamba sauti. Kazi yake ni kutoichafua.

Ndani ya kompyuta wimbo ni namba tupu. Sauti ya ubora wa CD ni namba 44,100 kwa sekunde kwa upande wa kushoto, na nyingine kama hizo kwa upande wa kulia. Vurugu za umeme jirani haziwezi kirahisi kuigeuza saba iwe nane. Matatizo huanza pale namba zinapogeuzwa kuwa umeme wa kuendesha hedifoni au kupelekwa kwenye miksa. Umeme huo ni mdogo, volti moja au mbili, na ule unaotoka kwenye maiki ni mdogo zaidi, sehemu chache tu za elfu ya volti. Majirani zake ni prosesa inayobadili mahitaji yake ya umeme kila mara, feni, diski na saketi ya kuchaji betri. Kuiweka kazi nyeti namna hiyo hapo ni sawa na kumpa mwanafunzi chumba cha kusomea ndani ya mashine ya kusaga unga. Haikuwa hivi tangu mwanzo. Kompyuta za ofisini za miaka ya 1980 zilijua kulia “pii” na kunyamaza; aliyetaka muziki alinunua kadi na kuipachika, na mwaka 1989 kampuni ya Creative ya Singapore ikatoa Sound Blaster, iliyokuja kuvuma dunia nzima. Kisha mwaka 1997 Intel ikatangaza kanuni ya AC'97, iliyowarahisishia watengenezaji kuiingiza sauti kwenye ubao mkuu kwa gharama ndogo. Wanunuzi wakaacha kulipia kadi, na wakaacha pia kuuliza imewekwa wapi. Kadi ya USB inazitoa namba nje ya nyumba zikiwa bado ni namba, na kuzigeuza mbali na ghasia. Basi.

Ushahidi wa haya hauhitaji maabara. Vaa hedifoni, usicheze wimbo wowote, pandisha sauti hadi mwisho, kisha sogeza kipanya. Kwenye kompyuta nyingi za bei nafuu utasikia mikwaruzo inayoufuata mkono wako, na ukifungua ukurasa mzito wa intaneti utasikia mluzi. Hapo unaisikiliza kompyuta ikifikiri, burudani ambayo hakuna aliyeilipia kiingilio. Chomeka kadi ya nje, rudia. Mikwaruzo ikikoma, ugonjwa ulikuwa ndani. Na kama tangu mwanzo palikuwa kimya, funga pochi yako. Zipo kompyuta nyingi za siku hizi zilizoundwa vizuri, na kuziongezea kadi ni kumpa dawa mtu mzima wa afya. (Shusha sauti kabla ya kucheza wimbo. Masikio hayana spea.)

Faida ninayoithamini zaidi, hata hivyo, siioni ikitajwa kwenye maboksi. Kompyuta yenye kadi mbili ina milango miwili ya sauti. Programu ya muziki unaielekeza kwenye kadi ya nje, na milio mingine yote, ya ujumbe, ya betri, ya matangazo yanayojirukia yenyewe, inabaki kwenye kispika cha ndani, ambako itamsumbua mwenye mali peke yake. Bila hivyo bi harusi anaingia taratibu, wageni wamesimama, kina mama wamevuta pumzi ya kigelegele, na spika zenye nguvu za kutikisa madirisha zinatangaza kwa “ting!” kwamba antivirusi ya DJ imekwisha muda. Ni kweli milango miwili ina ajali zake. Mfanyakazi huvaa hedifoni ofisini, akaona sauti haisikiki vizuri, akaipandisha, bado, akaipandisha tena. Haisikiki vizuri kwa sababu inatoka kwenye kispika cha kompyuta na kumfikia kupitia sponji za hedifoni. Ofisi nzima sasa inajua kwamba ripoti ya robo mwaka inaandaliwa kwa msaada wa mawaidha ya ndoa. Lakini ajali hiyo huzuiwa kwa kubofya alama ya spika na kuchagua mlango, kazi ya sekunde chache. Kinachotoka bila ruhusa kwenye spika za ukumbini hakirudishwi.

Mbishi wa kwanza ni yule aliyenunua kadi, akaichomeka, na mvumo ukabaki palepale. Namheshimu, maana ana hoja. Mvumo mzito wa ukumbini mara nyingi hauzaliwi ndani ya laptopu bali kwenye soketi. Laptopu ikipata umeme kwenye soketi hii, na miksa kwenye soketi ile ng'ambo ya ukumbi, waya wa sauti unaoziunganisha hukamilisha duara, na mkondo mdogo wa umeme huzunguka humo. Umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde, na hiyo ndiyo inayonguruma. Kadi ya USB imeungwa na laptopu ileile, kwa hiyo duara hailikati. Kipimo chake ni kuchomoa chaja. Mvumo ukikoma, tumia betri, au chomeka vyombo vyote viwili kwenye ekstensheni moja, au pitisha waya wa sauti kwenye boksi la DI lenye transfoma, kifaa ambacho mafundi wa sauti wanakijua. Wapo wanaoutibu mvumo kwa kukata waya wa ardhini au kung'oa pini ya tatu ya plagi. Hao wanabadilishana kelele na uhai wa mshika maiki, na wasikubaliwe hata kama mvumo umekwisha. Kwa hiyo ndiyo, kadi haiponyi maradhi yote; inaponya uchafu unaozaliwa ndani ya kompyuta, na mtu aliyeahidiwa zaidi ya hapo alidanganywa na muuzaji.

Mbishi wa pili anasema kitu cha bei chee hakiwezi kuwa na maana. Bei si shahidi mzuri hapa. Apple, kampuni isiyojulikana kwa huruma ya bei, imekuwa ikiuza nchini Marekani kiadapta cha hedifoni cha USB-C kwa dola 9, na ndani yake mna kadi kamili ya sauti ambayo wapenda vipimo wameisifu kwa usafi. Kugeuza namba kuwa sauti kumekuwa kazi rahisi. Kinachopandisha bei mara nyingi ni maandishi ya boksini. Boksi moja litajigamba kuwa kadi inachukua vipimo, yaani namba, 192,000 kwa sekunde. Sikio la binadamu kijana huishia kwenye mitetemo kama 20,000 kwa sekunde, na zile namba 44,100 za CD zinatosha kuibeba hadi 22,050; watakaofaidi ziada hiyo ni popo walio kwenye mwembe nje ya ukumbi, nao hawakuchanga. Boksi lingine litaandika “7.1”, yaani chaneli nane, juu ya kidude chenye matundu mawili, moja la hedifoni na moja la maiki. Chaneli sita zilizobaki ni mchezo wa programu.

Vijana nao watauliza: haya mambo ya waya ya nini, wakati kuna Bluetooth? Kwa kusikiliza nyimbo jikoni, Bluetooth inatosha kabisa. Lakini huchelewesha sauti, na mwimbaji anayejisikia baada ya kuimba huanza kugombana na kinanda. Kwenye mikutano ya mtandaoni ni vibaya zaidi, kwa sababu hedifoni nyingi za Bluetooth, maiki yake ikiwashwa, hushusha ubora wa sauti hadi vipimo 8,000 au 16,000 kwa sekunde, na mkurugenzi mwenye suti ya gharama anasikika kama anayepiga simu ya mezani akiwa kisimani.

Liko kosa moja linalofanywa na wenye kadi, nalo halina mtetezi. Mpiga video anayetaka sauti safi ya harusi huchukua waya wa miksa na kuuchomeka kwenye tundu la waridi la kidude chake, ambalo ni la maiki. Miksa inatoa karibu volti moja. Tundu lile limeandaliwa kwa sehemu chache za elfu. Matokeo yake ni nasaha za wazazi zilizopasuka mwanzo hadi mwisho, na hakuna programu itakayozishona. Anayerekodi kutoka kwenye miksa anunue kadi yenye tundu lililoandikwa “line in”, hata kama itamgharimu zaidi. Mwingine yeyote anayeihitaji achukue ile ndogo isiyodai draiva, iwe ni kwenye maduka ya Kariakoo jijini Dar es Salaam au ya Luthuli Avenue jijini Nairobi. Ukienda, beba laptopu na hedifoni zako, fanya kile kipimo cha kipanya palepale kaunta, na usilipe kabla mikwaruzo haijakoma.