Shusha Mark II Yako Bila Kumtoa Trafiki Kivulini

Kwanza tukubaliane: Toyota Mark II ni gari zuri, na likishushwa kwa adabu linazidi kuwa zuri. Anayebisha hajawahi kuona Mark II nyeusi ya GX110 usiku, imesimama chini ya taa za kituo cha mafuta, ukingo wa fenda umeikaribia tairi hadi nafasi iliyobaki inapitisha vidole viwili. Mwongozo huu ni wa mtu anayelitaka gari la namna hiyo, na bado anataka kupita nalo Morogoro Road mchana kweupe, bima ikiwa hai, bila kukata kona kila aonapo sare nyeupe mbele yake.

Basi weka msumeno chini. Tutazungumza habari zake, lakini kwa sasa weka chini.

Tazama umri wa gari lako. Toyota ilitengeneza toleo la GX100 kuanzia 1996 hadi 2000, kisha GX110 hadi 2004, jina la Mark II lilipostaafishwa kwenye sidani na Mark X kushika nafasi. Maana yake sidani ya Mark II iliyo changa kuliko zote imeshavuka miaka 20. Raba zake zimezeeka. Gari hili lina mikono ya juu na ya chini mbele na nyuma, na kila mkono una bushi zake. Ndiyo sababu linakaa barabarani kwa utulivu, na ndiyo sababu fundi akianza kuhesabu bushi mbovu mwenye gari huanza kutafuta kiti. Gari lenye bushi zilizokufa likishushwa halipati sura mpya, linapata kelele mpya. Kwa hiyo pesa uliyoiweka kwa ajili ya springi ianzie kwenye bushi, bolijointi, tairodi, linki za stabilaiza na breki. Najua inauma. Hakuna rafiki atakayekusifu kwa bushi. Gari litakusifu.

Sasa jaza tangi, kisha alika watu wanne wazito. Mjomba mmoja awemo, yule ambaye kila harusi anapewa kiti cha mbele. Waketi wote ndani ya gari, kwenye sakafu tambarare. Wewe lala chini na futi, utafute kitu kilichoning'inia kuliko vyote: mara nyingi ni bomba la egzosi au chuma kinachobeba injini. Pima kutoka hapo hadi sakafuni, uandike. Namba hiyo ndiyo mtaji wako. Vijana wengi hupima gari likiwa tupu, wanalishusha likiwa tupu, halafu Jumamosi wanapakia familia kwenda Bagamoyo na sampo inaachwa kwenye tuta la kwanza.

Wajapani, ambao mchezo huu wa kulaza sidani wameucheza tangu zamani na wanauita shakotan, wana ukaguzi wa lazima uitwao shaken: gari jipya hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miwili. Mwaka 1995 masharti ya kubadili vifaa vya gari yalilegezwa kule, lakini kipimo cha chini kimebaki: sehemu ngumu ya chini ya gari iwe juu ya ardhi sentimita 9. Lami ya Yokohama inaruhusu hivyo. Lami yetu ina maoni mengine. Kwa Dar es Salaam mimi nasema usiende chini ya sentimita 12, na mjomba akiwa ndani. Kata kipande cha mbao chenye urefu huo, kipitishe chini ya gari kutoka bampa ya mbele hadi ya nyuma. Kinapokwama, hapo ndipo hesabu yako inapoishia. Kwa Mark II nyingi hutazidi kushusha sentimita 3, labda 4. Usinung'unike. Sentimita 4 zinatosha kumfanya jirani ageuze shingo.

Turudi kwenye msumeno. Kuna fundi atakayekuambia kwamba springi za kununua ni kupoteza hela, yeye anakata mzunguko mmoja na nusu, unaondoka kabla chai haijapoa. Mwingine hatakata, atazipasha moto kwa gesi mpaka zikae zenyewe. Wote wawili wakatalie. Ugumu wa springi hutegemea pia idadi ya mizunguko inayofanya kazi: ukipunguza mizunguko, inazidi kuwa ngumu, na ncha iliyokatwa haikai sawasawa kwenye kikombe chake. Iliyopashwa moto ni mbaya zaidi, kwa sababu chuma chake kimepoteza ukali kiliopewa kiwandani. Itaendelea kushuka kidogo kidogo, upande mmoja zaidi ya mwingine. Na zote mbili zina hatari moja usiyoiona gari likiwa limesimama. Gurudumu likining'inia, kwenye shimo au juu ya tuta, springi fupi mno inalegea na inaweza kuchomoka mahali pake. Ikirudi, haijulikani itatua wapi. Hilo likikukuta kwenye kona, hata gari la mbele yako litakuwa mashakani.

Njia halali ni springi fupi zilizotengenezwa hivyo kiwandani, ukazifunga pamoja na shokapu zinazolingana nazo. Shokapu za kawaida zikifungwa kwenye springi fupi hufanya kazi karibu na mwisho wa safari yake, zinagonga raba kila mara, na hazidumu. Ukiwa na uwezo zaidi, tafuta koilova, zile ambazo urefu wake unarekebishwa kwa spana. Ukinunua zilizotumika, zisimamishe wima mezani, bonyeza fimbo polepole hadi chini. Iende kwa uzito ule ule mwanzo hadi mwisho. Ikikwama mahali, au ikishuka ghafla kana kwamba hakuna kitu ndani, au kidole kikirudi na mafuta ukigusa shingo yake, mrudishie mwenyewe kwa heshima zote.

Ukishamaliza kufunga, usiendeshe kwenda kujionyesha. Endesha kwenda alaimenti. Gari likishuka, magurudumu hulala kwa juu kuelekea ndani, na ncha zake za mbele hubadili mwelekeo. Hilo la pili ndilo linalokula tairi, tena hula upande wa ndani, ambao hauonekani mpaka uiname. Jifunze kupima kwa kiganja: pitisha mkono juu ya uso wa tairi kwenda ndani, halafu urudishe nje. Ikiwa njia moja ni laini na nyingine inakwaruza kama msasa, alaimenti imeshakwenda, hata kama usukani hauvuti.

Rimu sasa, na hapa naomba ukokotoe nami. Mark II ina nati tano, kipimo chake 5×114.3, na tundu la katikati ni milimita 60.1. Tairi ya kawaida ya 195/65R15 ina kimo cha milimita 634 na nusu hivi. Ukifunga 225/45R17 unapata takriban 634 zile zile, kwa hiyo spidomita haidanganyi. 225/40R18 inafika 637, nayo inakubalika, lakini angalia ubavu: ule wa zamani una karibu milimita 127 za mpira kati ya rimu na barabara, huu una 90. Kila shimo la Tandale na Mbezi linajua tofauti hiyo. Ushauri wangu ni inchi 17. Hakikisha rimu ina alama ya JWL kama ni ya Japani, soma tarakimu nne za tairi (3219 ni wiki ya 32 ya mwaka 2019), kisha mrudishe mjomba kwenye gari na uzungushe usukani hadi mwisho, kushoto na kulia. Ikigusa fenda, rimu hiyo si yako.

Mengine nayapitia haraka. Rangi na injini vipo kwenye kadi ya gari. Ukibadilisha kimoja, nenda TRA kadi ibadilishwe. Anayeiondoa injini ya 1G na kuweka 1JZ kimyakimya amejinunulia usumbufu siku ya kuuza. Vimulimuli na ving'ora ni vya magari ya dharura. Sailensa ibaki: silinda sita zilizopangwa mstari mmoja zina sauti yake nzuri, na hazihitaji kuamsha watoto wa Sinza. Namba isomeke. Na kama una bima kubwa, iandikie kampuni kuwa gari limebadilishwa springi na rimu, kwa sababu siku ya ajali wao watachungulia chini ya gari kabla yako.

Trafiki atakusimamisha, hilo usijidanganye. Gari la chini linavuta macho, na Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inampa nguvu ya kulikagua. Washa taa ya pembeni, simama vizuri, zima muziki, shusha kioo.

"Habari za kazi, afande."

"Nzuri. Dereva, hili gari mbona liko chini hivi?"

"Limeshushwa sentimita tatu na nusu, afande. Springi na shokapu ni mpya, risiti hizi. Karatasi ya alaimenti hii hapa. Ukitaka, inama uone, hakuna kilichokatwa."

Risiti hizo ziweke kwenye droo pamoja na leseni. Afande anayeona karatasi na tairi zilizolika sawasawa hana sababu ya kukushikilia muda mrefu, na ukimjibu bila kiburi mara nyingi yeye mwenyewe atauliza bei.

Barabarani, tuta lipande polepole, ndani ya njia yako. Kuhamia upande wa wenzako ili ulivuke kimshazari ni kosa na ni hatari. Kwenye rasta usikanyage breki juu yake, punguza kabla. Ukielekea Iringa, matuta ya Mikumi yanakungoja katika kilomita 50 hivi za hifadhi, na wanyama nao wana haki ya barabara. Jangwani ikijaa maji, geuza. Gari lako sasa linavuta hewa karibu zaidi na maji, na injini ikimeza maji fimbo za pistoni hupinda.

Baada ya wiki mbili mrudie fundi, akaze nati zote upya na alaimenti ipimwe mara ya pili. Springi mpya hukaa, gari hushuka milimita chache zaidi, kwa hiyo nenda na kile kipande cha mbao.