Mjomba, Naomba Radhi, Lile ni Lori

Kumkosoa mzee si adabu, na ukoo wetu hapa Bagamoyo umenilea hivyo. Mchuzi wa shangazi ukikosa chumvi, unakula na kushukuru. Babu akirudia kisa cha jana, unacheka upya. Lakini hakuna aliyenifundisha la kufanya mjomba anapokuwa ameshika usukani, yuko upande wa kulia wa barabara pale Kerege, na mbele yetu linakuja Fuso la mchanga.

"Mjomba, naomba radhi," nikasema, "lile ni lori."

"Naliona, mwanangu. Mbona linakuja upande wangu?"

Mjomba ni wa Maskati. Aliondoka huku kijana, baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970 na kuwaita Waomani waliotawanyika warudi kwao. Udereva wote ameujulia kule: usukani kushoto, gari kulia, lami iliyonyooka, na gari lenyewe hulia tii-tii ukivuka kilomita 120 kwa saa. Safari hii kaja kusalimia ndugu, kakodi gari la Kijapani, na dereva kamkataa katakata. "Dereva wa nini? Barabara ni barabara."

Suala la upande ningelivumilia. Sweden walihama kutoka kushoto kwenda kulia alfajiri moja ya Septemba 1967, nchi nzima, na madereva wetu wa malori ya Kigali huhama kila wakivuka daraja la Rusumo. Kwa hiyo inawezekana. Tatizo ni mikono ya mjomba. Kwenye gari lake la Maskati kijiti cha indiketa kiko kushoto mwa usukani. Kwenye hili kiko kulia, na kushoto kuna cha waipa. Basi kila kona, waipa. Tegeta waipa. Bunju waipa. Mapinga jua linachoma hata mbuzi wamejificha, mjomba anataka kuingia sheli, waipa zinafuta kioo kikavu kro-kro-kro, na bodaboda aliye nyuma hajui kama tunakata kona au tumeona mvua peke yetu.

Alikuja pia na kibali cha kimataifa, kile kijitabu kilichotokana na mkataba wa Geneva wa 1949. Nilikipekua chote. Kimeandikwa kwa lugha kadhaa na hakuna hata moja inayozungumzwa na utingo wa lori.

Chukua kibao cha 50. Mjomba ni mtu wa sheria, akiona 50 anakwenda 50. Sawa kabisa. Ila kile kibao cha kumaliza 50, chenye mstari wa kukata, pengine kimegongwa, pengine kimefunikwa na majani, na mjomba bila kibao hapandishi. Tumemaliza nyumba, tumemaliza minazi, tumeingia porini, tuko 50. Nyuma yetu Kosta, nyuma ya Kosta Noah, nyuma ya Noah msafara kama wa kumpeleka bibi harusi. Madereva wetu kusubiri hawajui. Wakaanza kuovateki wawili wawili kwenye kilima, na kila Kosta iliyopita konda alitoa kichwa nje akatutupia maneno ambayo gazeti hili halichapi. Mjomba akawapungia mkono.

"Watu wa huku bado wachangamfu," akasema.

Barabara ya Msata, kilomita 64, ndiyo iliyonimaliza. Tulikuwa tunafuata mananasi Kiwangwa. Mbele yetu semi-trela inajikokota, dereva wake akawasha indiketa ya kulia. Kila aliyekulia huku anajua: usipite, kuna gari linakuja. Akiwasha ya kushoto, haya, pita. Wala usidhani kwamba napendezwa na utaratibu huo, maana dereva aliyekata kona akasahau kuzima huwasha taa ileile. Mimi hata ya kushoto siiamini mpaka nione lami kwa macho yangu. Lakini mjomba aliisoma kama alivyofundishwa: lori linakata kulia, basi mimi napita kushoto. Akatanua. Huko pembeni kulikuwa na baiskeli ya mkaa na mama mwenye beseni la mananasi.

"Mjomba naomba radhi breki!"

Sikupata nafasi ya kuiremba zaidi. Tulisimama hatua chache kutoka kwenye beseni. Mama yule alitutazama, akatutajia bei.

Mbele kidogo tukakuta matawi mabichi yamelazwa barabarani, moja baada ya jingine. Mjomba akauliza kama kijiji kinafanya usafi. Nikamweleza kuwa kuna lori limeharibika mbele na utingo ametoa onyo. Sheria inataka pembetatu inayong'aa, lakini pembetatu ukiiacha barabarani usiku, asubuhi huikuti. Tawi haliibiwi. Kero yangu ni kwamba lori likitengemaa linaondoka na matawi yanabaki, kwa hiyo wewe unayepita saa mbili usiku unakanyaga breki kwa kuogopa lori ambalo limeshafika Segera.

Halafu magari yaliyokuwa yanakuja yakaanza kutuwashia taa. Kule kwa mjomba, anayekuwashia taa yuko nyuma yako na anataka umpishe. Hapa anatoka mbele, na anakuarifu kwamba kuna trafiki mwenye tochi chini ya mwembe. Mjomba akaona wote hawa wanataka kupishwa. Akaegesha pembeni kabisa, akawapisha hata waliokuwa wanakwenda zao upande mwingine, kisha akatambaa hadi kwenye mwembe kwa mwendo ambao sidhani kama mashine ile inausoma. Askari, kijana mpole, aliitazama tochi yake, akatutazama sisi.

"Shikamoo mzee. Gari lina shida?"

Faini ya 30,000 aliipata Noah aliyetupita kwa hasira.

Kwa wanyama tu ndiko nilikomvulia kofia. Aliniambia sisi hatujui hatari kwa sababu hatujagonga ngamia: miguu yake mirefu, gari likimkata miguu, mwili wote unakuingilia kioo cha mbele. Basi mjomba hupunguza mwendo kwa kila mbuzi wa Zinga na Kiromo kuliko madereva wetu wanavyopunguza kwa watoto wa shule.

Na lazima niseme alijifunza. Kabla hajaondoka alikuwa ameshika indiketa zote, ya kukataza, ya kuruhusu, hata ile ya usiku, magari yanapopishana na kila mmoja kuwasha ya kulia kuonyesha bodi lake linaishia wapi. Aliagana na ukoo mzima akiwa amenisifu mbele za watu.

Wiki iliyopita watoto wake wamenitumia ujumbe wa sauti kutoka Maskati. Wanasema baba yao, kwenye barabara kuu ya kwenda Sohar, kila gari likimjia nyuma huwasha indiketa ya kulia kulikataza lisipite. Linapita. Anakasirika, anasema vijana wa siku hizi hawasikii. Akitaka kukata kona anawasha waipa, na mvua kule si jambo la kila mwezi. Wameniuliza kwa heshima zote, "Kaka, samahani, ulimfundisha nini baba?"

Nimewaambia bando langu limekwisha.